Kadi ya Nyumba Niliyompitishia

Sinywi pombe, na wiki ile sikuwa na malaria. Naanza hapo kwa sababu najua swali lako la kwanza litakuwa lipi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Luzira, Kampala, chumbani kwangu, Jumapili jioni kabla giza halijaingia. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Naendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, kwenye ghala moja la saruji upande wa bandari ya Port Bell. Kwetu ni Bungoma, Kenya, na huko nina mke, Nekesa, na binti yetu Nafula wa miaka sita. Bungoma si Ulaya. Ukipanda basi la asubuhi Kampala, kabla jioni haijaingia uko kwako. Lakini mimi nilikuwa mtu wa "mwezi ujao", na mwezi ujao ukifika nina sababu nyingine. Mlango wa choo nyumbani ulikuwa umeng'oka bawaba, na miaka miwili mizima nilikuwa naahidi kuja kuurekebisha.

Jumapili zangu zilikuwa za mchezo. Tulikuwa watatu: mimi, Ochieng' fundi wa friji, Mkenya mwenzangu, na Apio, askari polisi kutoka Lira. Ochieng' alilipata sanduku lake kwenye mitumba, mchezo wa mezani wa kujenga mji wa kale. Kila mtu anagawiwa kadi saba. Unachagua moja, unaijenga kwenye mji wako, zilizobaki unampitishia jirani, naye anakupitishia zake. Majengo yanabebana: ukiwa na machimbo ya mawe, ukuta unaujenga bure, ukiwa na bandari, soko linajijaza lenyewe. Uchungu wake ni kwamba kila unapochukua kitu, kuna kingine kizuri umemwachia mwenzako. Tena tulijiwekea sheria yetu. Ukipitisha kadi unasema "chukua", na ukishasema, hakuna kudai. Apio alikuwa mkali kwa hilo, utadhani yuko kituoni.

Basi Ochieng' akarudi Kenya kwa mkewe. Apio akapewa uhamisho kwenda Gulu. Sanduku likabaki kwangu. Wewe umewahi kucheza mchezo wa watatu peke yako? Nilikuwa nagawa kadi za watu wawili, zangu na za kiti kitupu, na nikikipitishia nasema "chukua" kwa sauti. Nisipofanya hivyo, Jumapili nzima ilikuwa inaisha sijafungua mdomo.

Siku hiyo mvua ilinyesha, umeme ukakatika. Nilikuwa nimeshagawa. Nikasikia "hodi", nami bila kuinua macho nikasema, "Karibu, kaa." Mtu akaingia, akaketi kwenye kile kiti, akashika kadi. Mwanamume wa umri wangu, jaketi kuukuu linachuruzika maji. Sikumuuliza jina. Utaniuliza kwa nini. Nilifurahi, ndiyo sababu! Haki ya Mungu, nilifurahi kwamba mtu amekuja, na niliogopa nikimhoji ataondoka.

Tukacheza. Mimi nikajenga machimbo, bandari, soko, mji wangu unanguruma. Yeye alichukua vitu vidogo ambavyo sisi watatu hatukuwahi kuvitaka: kisima, shamba, shule. Kila nilipompitishia aliuliza, "Unanipa?" Nami najibu, "Chukua." Katikati ya mchezo nikaona anashika kadi kwa mkono wa kushoto, kama mimi. Akakohoa, nacho kikohozi kilikuwa changu, kile cha vumbi la saruji. Nikajiambia ni woga wa bure.

Mwisho nikabaki na kadi mbili, ghala na nyumba. Ghala lingekamilisha bandari yangu. Nyumba haikuwa na faida kwangu. Nikachukua ghala. Safari hii hakunyoosha mkono upesi. Alinitazama usoni, akauliza polepole, "Nyumba pia unanipa?"

"Chukua bwana, tumalize."

Hakuijenga mezani. Aliitia mfukoni, akasema asante, akatoka mvuani. Nami nilikuwa nimeshinda, kwa hiyo nilipanga sanduku nikipiga mluzi.

Asubuhi jirani yangu Mama Akello, mjane wa mwanajeshi, alinisimamisha bombani. "Wewe Kenya, jana ulikuwa nasema na nani? Mimi nasikia sauti mbili, na zote ya kwako. Banange!" Nikacheka.

Jumapili iliyofuata, jioni, Nekesa akapiga simu. Sauti yake ilikuwa laini, muda mrefu sikuwa nimeisikia hivyo. "Umefika salama? Asante kwa kuja. Na asante kwa mlango." Nikadhani ananikejeli. Nikamwambia sijatoka Kampala. Akacheka, akampa mtoto simu.

"Baba, Jumapili usisahau, umesema tutajenga shule."

Niliomba ruhusa kazini, Jumatano nikapanda basi. Mlango wa choo ulikuwa na bawaba mpya. Ndani ya kabati la vyombo, imeegemezwa kwenye kikombe, nikaiona kadi ya nyumba. Nekesa alinipokea vizuri, akashangaa tu nimerudi wiki hiyohiyo, tena nimekonda ghafla. Nikavuta kiti changu nikae. Nafula akakizuia kwa mikono yote miwili.

"Hapana, anko. Hapo anakaa Baba."

Mama yake akamkaripia, mtoto akalia, mimi nikakaa kwenye kigoda. Iliniuma, siwezi kukuficha. Nekesa sikumwambia kitu. Ningemwambia nini, kwamba aliyemtengenezea mlango si mumewe?

Siku hizi naenda kila mwezi, na mtoto ananizoea kama anavyozoea wageni. Mara mbili nimejaribu kwenda Jumapili. Nikifika, sahani bado iko mezani na chai ina joto, na Nekesa ananiuliza nimesahau nini.

Kwa hiyo wewe uliye mbali na kwenu, mtu akikuuliza "unanipa?", tazama kwanza ni kadi gani iko mkononi. Mimi kila Jumapili nagawa za watu wawili na mlango nauacha wazi, hata mvua inyeshe. Nataka arudi tu, tucheze tena, nimwombe anipitishie ile moja. Hajarudi. Atakuja kufanya nini Luzira, na ana kwake?