Sakafu ya Alizeti

Harufu ya mashudu ya alizeti ikinifikia popote, hata nikiwa kwenye foleni dukani, miguu inaanza yenyewe: kulia, kulia, geuka, piga makofi. Nisizunguke, niwaambie tu kwa nini.

Nilikuwa darasa la tatu, tunakaa mtaa wa Mandewa. Mama alikuwa na presha, hospitali wakamwambia afanye mazoezi. Akajiunga na kina mama waliokuwa wanacheza muziki jioni kwenye mashine ya kukamua alizeti, pale kwenye sakafu ya kuanikia. Sakafu ilikuwa bado na joto la jua, inateleza kidogo kwa mafuta, na maganda meusi yanakugandia nyayoni. Kazi yangu ilikuwa kubeba chupa ya maji. Kocha Zawadi, dada mmoja bonge asiyechoka, alikuwa anaweka spika juu ya gunia na kupiga kelele: "Kina mama, kutu itoke viunoni! Kulia!"

Siku ya pili tu akatokea mama mdogo, mke mwenza wa mama. Nikasema leo ni leo. Maana mtaani hao wawili walikuwa wanarushiana maneno kila wakikutana bombani. Mama akimwona tu: "Pisheni, mwali wa kila siku anapita." Naye anajibu: "Bora mwali kuliko Bibi Presha." Majirani wanacheka, wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja.

Kocha akawapanga mstari wa nyuma, bega kwa bega. Mama akakosea kugeuka, wakagongana. Mama mdogo akaguna, "Dada, huo si mguu, ni mchi." Mama akacheka mpaka akakaa chini. Nyumbani sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Kuanzia hapo wakawa kitu kimoja, ila pale sakafuni tu. Wanagawana karanga, wanasukana, mama mdogo ananipakata kama wa kwake, maana yeye hakuwa na mtoto. Tukimaliza, mama anatangulia getini, mwenzake anasubiri kwanza. Kesho bombani matusi kama kawaida. Nilipouliza, mama alisema, "Ya sakafuni yanabaki sakafuni. Baba yako akijua tunaongea, hatutaongea tena." Nikaitunza siri hiyo, ingawa sikuelewa kitu.

Baba alikuwa mnunuzi wa kuku wa kienyeji, mtu mpole tu. Lakini kila akija kwetu alikuwa na habari za kule kwa mama mdogo: mwenzio kakataa usipewe hiki, mwenzio kakusema vile. Na kule alikuwa anabeba za kwetu.

Ikaja harusi ya binti wa shangazi. Wakati wa zawadi kina mama wa upande wetu wakaingia wakicheza, mabeseni kichwani. Mama mbele kabisa, mama mdogo nyuma kabisa, wamenuna kama inavyotakiwa. Mpiga muziki akaweka wimbo ule ule wa Kocha Zawadi. Mwili haujui kuficha, jamani. Wote wawili kwa mpigo: kulia, kulia, geuka. Wakajikuta wanatazamana. Wakacheka, wakasogeleana, wakacheza bega kwa bega mpaka kwa bibi harusi. Ukumbi mzima vigelegele, na mimi nilipiga kuliko wote. Kisha nikamwona baba. Ameshika paja la kuku, hatafuni.

"Kumbe mnaelewana," alisema tulipotoka. Hilo tu. Hakugomba.

Kabla mvua hazijaanza mama mdogo akahamishiwa kijiji cha mbali, Mitundu, eti akasimamie shamba. Siku ya kuondoka gari lilisimama mbele ya kwetu baba apakie majembe. Majirani wametoka kutazama. Mama akasimama mlangoni, akasema kwa nguvu, "Nenda salama, mwali wa kila siku!"

Watu wakacheka. Mama mdogo akajibu, "Kunywa dawa, Bibi..." Neno "Presha" halikutoka. Sauti ilimkatikia hapo.

Mimi nilikasirika. Mbona hawaagani vizuri?

Mwaka uliofuata baba alituletea habari kwamba mama mdogo amefariki kwa uzazi, na keshazikwa.

Ilinichukua mpaka sekondari kuelewa kwamba walikuwa wameagana vizuri kabisa. Yale matusi ndiyo yaliyokuwa ukuta wao, wamejijengea wapate pa kucheka nyuma yake. Na baba hakuwahi kuogopa wagombane. Aliogopa waulizane nani alisema nini.

Mama bado anaenda mazoezi. Yuko mstari wa nyuma, na upande wake wa kulia anaacha nafasi ya mtu mmoja. Mgeni akija kusimama pale, anamgusa bega taratibu: "Samahani mdogo wangu, hapo pana mtu."