Kofia ya Mama Ngoie Kwenye Barafu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Upande wa magharibi sijawahi kupita Kasaji, na upande wa mashariki, kabla ya mwaka huu, safari yangu ndefu kuliko zote iliishia Tenke. Nilikwenda kwenye msiba nikarudi siku ileile, kwa sababu kitanda nilichoonyeshwa hakikunipendeza. Kazi yangu ni kutoa fotokopi mbele ya nyumba ya mama yangu hapa Kolwezi. Nina mashine moja, kiti kimoja, na kivuli cha bati kinachonitosha. Kwa hiyo mkisikia kwamba nilikwenda Kanada katikati ya theluji, nikateremka mlima nimekalia kipande cha plastiki, msidhani nimebadilika. Nilitumwa.

Aliyenituma ni mama, Mama Ngoie. Macho yake yanaisha. Daktari alisema ni ugonjwa usiorudi nyuma, na mpaka mwisho wa mwaka mama ataona mwanga tu, kama mtu aliyefunikwa shuka usoni. Mama hakulia. Alimtaja Ngoie mdogo, binti wa dada yangu Thérèse, aliyezaliwa kule Kanada miaka tisa iliyopita na kupewa jina lake.

Mnajua mambo ya majina kwetu. Mtoto akibeba jina lako, mnaitana majina, na yeye ni wewe. Huyo binti nikimwona lazima nimwite mama, na akiniagiza kitu niinuke. Siku habari ya kuzaliwa kwake ilipofika, mama alichinja kuku wawili, akaita mtaa mzima, na tangu siku hiyo majirani wanamtania kwa jina la kambo, yaani bibi, "Kambo wa Kanada, kule kwenu kunanyesha?" Naye anajibu kama mtu aliyetoka kuangalia dirishani.

Akaniambia, "Mutoto wangu, mi niko na macho ine. Mbili ya hapa inaisha. Mbili ya kule ingali mupya. Enda umuambie Thérèse amulete mwezi wa sita, anione na mi nimuone. Kisha giza ikuje, haina neno."

"Mama, unaweza kumuambia ku simu."

"Ku simu miaka tisa anasema atakuja. Wewe enda ukae mu nyumba yake mupaka aone haya. Kukaa njo kazi unajua."

Shemeji yangu Gilles, Mzungu wa kule, alituma tiketi. Mama akafuma kofia nyekundu ya sufu kwa vidole, bila kuona. Nilipomuuliza alipata wapi kipimo cha kichwa cha mtoto, alishangaa. "Kipimo gani? Nilipima ku kichwa yangu. Si ni mi mwenyewe?"

Jumanne, kabla jua halijatoka, niliondoka Kolwezi. Barabara ya Lubumbashi ilikuwa na foleni ya malori yenye mabamba ya shaba na magunia ya kobalti yakielekea mpakani. Niliyatazama kwa heshima. Udongo wa kwetu umesafiri kuliko mimi, na haukuulizwa viza.

Baada ya ndege tatu, nikatua Montréal saa ya jioni. Mimi nilidhani naijua baridi. Mwezi wa saba hapa Kolwezi asubuhi unaona moshi ukitoka mdomoni, na mimi huwa ndiye wa kwanza kulalamika. Nilipotoka mlangoni pale, pua yangu iliacha kuwa yangu. Nilikuwa nimevaa koti la marehemu baba, ambalo ni zuri sana kanisani.

Thérèse alinikumbatia akilia. Nyuma yake alisimama binti mrefu, mwembamba, mwenye paji la uso la mama. Lile lile, na mkunjo ule ule katikati. Nikapiga goti moja mbele ya watu wote, nikatoa mikono miwili.

"Mama Ngoie, jambo yako."

Mtoto alimtazama mama yake. Thérèse akasema haraka, kwa Kifaransa, "Msalimie mjomba," na mtoto akasema, "Bonjour, tonton." Nikadhani ni haya tu.

Nyumbani kwao, mji mdogo mwendo wa saa mbili kaskazini, nikaitoa kofia. Ilimshuka hadi kwenye kidevu. Alizunguka sebuleni kama kipofu, mikono mbele, akigonga viti, na wote tukacheka. Mimi nilicheka kwanza, kisha nikakumbuka ni nani hasa anayetembea hivyo siku hizi, nikaacha. Kofia ikanibaki mimi. Kichwa changu na cha mama vimetoka kiwanda kimoja.

Siku mbili za kwanza nilikaa, kama nilivyotumwa. Kila nikitaja mwezi wa sita, Thérèse alikumbuka sufuria jikoni. Gilles, mtu mwema asiyeweza kuona mgeni ameketi, alisema nimekuja majira mazuri kuliko yote, na kwamba baridi haipatikani ndani ya nyumba. Nilimwambia ndiyo maana nimo ndani.

Jumamosi asubuhi walinipeleka mlimani. Watu wa kule, theluji ikianguka, hawafungi milango kama wenye akili. Wanapanda kilima, wanakalia plastiki yenye kamba, wanateremka wakipiga kelele, kisha wanapanda tena kwa miguu. Niliuliza wanachoteremkia ni nini. Gilles alisema, "Hakuna kitu chini. Ni kuteremka tu." Kwetu, pale machimboni Mutoshi, vijana wanashuka mashimoni kwa hofu kwa sababu chini kuna kitu. Hapa walishuka bila kitu, wamenenepeshwa na makoti, na wakacheka. Sikuwachukia. Niliona wivu kidogo, kisha nikaona aibu, kisha nikasukumwa.

Nilishuka mgongo mbele. Kofia nyekundu ilinifunika macho nusu ya njia, na hiyo ilikuwa nusu nzuri. Chini nilibaki kichwa ndani ya theluji, miguu juu, na nilipojinasua nikamwona Ngoie mdogo amesimama hatua kumi tu, amenipa mgongo, na plastiki nyingine kubwa inamjia.

"Mama Ngoie," nikaita. "Mama. Ngoie. Ngoie, toka hapo."

Hakugeuka. Niliita mara tano. Kisha Gilles, juu kabisa, akapaza sauti mara moja, "Océane!" na mtoto akaruka pembeni kama paka. Plastiki ikapita.

Nilimfikia nikihema. Kwenye kofia yake ngumu ya plastiki, upande wa nyuma, ziliandikwa kwa wino mweusi herufi nilizozisoma mara mbili: OCÉANE. Jina la bahari, sisi ambao hatuna bahari hata ya kuchora.

Jioni nilimkuta Thérèse jikoni. Safari hii sikumwacha akumbuke sufuria.

"Mutoto anaitwa nani?"

Alizima jiko. "Yaya, kaka yangu, siku ya kumuandikisha, Gilles aliniuliza tu batu ba shule batamuita je. Aliniuliza bila ubaya. Nikasikia haya. Nikaandika Océane, nikasema Ngoie nitaongeza kesho."

"Na kesho?"

"Kesho mama alipiga simu juu ya jina. Akauliza, 'Uliniita?' Nikasema eyo, ndiyo. Nikasikia bigelegele mu simu, mutaa muzima. Wewe ungefanya nini?"

"Kwa hiyo, miaka yote tisa hukuja, si tiketi. Si masomo. Si vumbi ya Kolwezi."

"Nimulete namna gani, yaya? Pa kushuka tu batamuita Ngoie, na yeye atatafuta Ngoie ni nani." Alikaa chini. "Usimuambie mama. Macho inamukufia, umuue na moyo?"

Nilitaka kumjibu maneno makubwa. Nikapanda kulala nimevaa kofia.

Jumapili, saa mbili ya asubuhi kwao, ambayo kwetu ni saa tisa ya alasiri, simu ya mama ikaingia. Kwa miaka yote mimi ndiye ninayemshikia mama simu sikioni kila Jumapili. Siku ile alishikiwa na jirani, nami nikaona upande wa pili. Thérèse alifunika simu kwa kiganja, akamwambia mtoto, "Njoo, mchezo wa kambo." Mtoto alikuwa anakula mkate. Akasogea, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula, "Eyo majina, niko muzuri, nakupenda," akarudi kwenye mkate wake. Haikuchukua hata nusu dakika. Nami nilikuwa nikiyasikia maneno hayo upande wetu, miaka na miaka, na kuona uso wa mama ukifunguka, nikafikiri nusu dakika ile ina kitu ndani.

Jumapili iliyofuata, baada ya simu ya mama, siku moja kabla ya kuondoka, tulikwenda ziwani. Ziwa lilikuwa gumu, magari yakipita juu yake. Mimi nilikataa kushuka garini mpaka nilipoona gari lenyewe ndilo limesimama juu ya maji, nikashuka haraka zaidi ya wote. Gilles alitoboa barafu kwa chombo kirefu cha kuzungusha. Nikamwambia nimetoka kwa wachimbaji nimekuja kwa wachimbaji, tofauti ni kwamba kwetu shimo likijaa maji kazi imeisha, na hapa ndiyo inaanza. Akacheka, akaenda na Thérèse kutoboa shimo la pili mbali kidogo. Mimi na mtoto tukabaki tumeketi kwenye ndoo, katikati yetu tundu jeusi na kamba yenye ndoano.

Akaniuliza kwa Kifaransa, na hapa nayaandika kwa lugha yetu, "Tonton, kwa nini unaniita mama?"

Nikamweleza. Nilimwambia kuhusu kuku wawili, kuhusu macho manne, na kwamba kichwa kile kikubwa cha kofia kilikuwa cha kambo mwenyewe. Alisikiliza bila kuitazama kamba. Kule Kolwezi, nilimwambia, kuna bibi anayeamini kwamba wewe ndiye utakayeendelea kuangalia.

Aliinama akatazama tundu. Kisha akasema, "Mimi nilidhani yeye pia anajua ni mchezo."

"Hajui."

"Basi Jumapili ijayo nikisema, nitakuwa namdanganya." Alinitazama na paji lile. "Unataka niendelee, tonton? Au nimwambie naitwa Océane? Naweza kumwambia vizuri. Naweza kuomba nije nimwone hivyo hivyo."

Hebu nisimame hapa. Mimi, mtu mzima, nimevuka dunia nikitafuta njia ya kumleta mtoto huyu nyumbani, na mtoto mwenyewe amenifungulia mlango juu ya ndoo ya plastiki. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Nikaiona simu sikioni mwa mama. Nikaona mkono unaoishika, ambao ni wangu, na mimi nimesimama pale nikingoja uso ubadilike, bila pa kukimbilia.

Nikasema, "Endelea."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyepewa kazi asiyoitegemea. Na kwa sababu ukimya ulikuwa unaniuma kuliko baridi, nikaongeza mabaya. Nikamwambia kama atafanya, basi afanye vizuri. Majina hakimbii kurudi kwenye mkate. Anasubiri kidogo, anauliza, "Majina, umelala je? Magoti inauma?" Anamuuliza habari za mchicha ulioko nyuma ya nyumba. Anamshukuru kwa kofia. Tukafanya mazoezi mpaka Gilles aliporudi. Mtoto anashika haraka sana. Katika hilo hakika ni mama. Samaki hatukupata.

Jumatatu walinirudisha uwanja wa ndege. Nilipiga goti tena, lakini safari hii sikujua nimwite nani, nikamshika mikono tu. Kofia alinivalisha yeye.

Alhamisi jioni nikafika Kolwezi, mvua ya mwezi wa pili ikinyesha, matope mekundu mpaka mlangoni. Kofia niliivua kwenye kona ya mtaa, nikaisukuma ndani kabisa ya begi, chini ya koti la baba. Mama alikuwa ameketi uso ukielekea mlango.

"Atakuja mwezi wa sita?"

"Kazi ya Thérèse, mama. Mwaka huu hapana."

"Kofia ilimutosha?"

"Ilimutosha."

"Na pale ulimuita mama, aligeuka?"

"Aligeuka."

Jumapili saa tisa nilimshikia simu sikioni kama kawaida. Kule mbali kukawa kimya kidogo, kimya kile nilichokifundisha. Kisha sauti ikasema, "Majina, umelala je? Magoti inauma?" Ikauliza habari za mchicha. Ikasema kofia ni nzuri, ina moto, naivaa hata sasa. Mama alijibu swali moja moja, akishika mkono wangu pamoja na simu, na walizungumza muda mrefu kuliko miaka yote tisa. Begi langu lilikuwa chumba cha pili, bado halijafunguliwa.

Simu ilipokatika, mama aligeuza uso upande wangu, akakosa kidogo, akatazama ukuta.

"Umeona?" akasema. "Leo njo amenijibu sawa mi mwenyewe. Nilikuambia, wewe enda tu ukae kule. Safari yako haikukuwa ya bure."

Nikamwambia nakwenda kufungua mashine, labda kuna mteja. Ilikuwa Jumapili. Hakuniuliza.