Nilifuta mhusika wa kike kwenye mashine yangu nikijua ni wa utani, kumbe alikuwa na mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu.

Naona tangu juzi jukwaa limechafuka kwa ajili ya ile trela ya gemu jipya ambalo mhusika mkuu ni mwanamke. Kurasa na kurasa, watu wanavuana nguo, na mwisho wa siku gemu lenyewe hata halijatoka.

Upande wangu mnaujua. Nilikuwaga kundi la "wasitulazimishe". Leo sijaja kubishana. Nimekuja na jambo lililonikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na sijapunguza zile sehemu ambazo mie ndiye naonekana mjinga. Ziko nyingi tu.

Nina sehemu ya gemu Manzese, ukishuka mwendokasi ni dakika tano kwa mguu. Chumba kimoja, mashine tatu, viti vya plastiki na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Wateja wangu wengi ni wa gemu la mpira. Vijana wa gereji, mafundi welding, wauza nguo za mtumba wakipumzika.

Mashine moja kati ya hizo tatu ina gemu kubwa la story, la mapanga na farasi, unazunguka visiwa vizima. Mwanzo linakuuliza: unataka kucheza na mwanaume au mwanamke? Ukichagua, hadithi ni ileile na nguvu ni zilezile.

Pale kwangu mwanamke hakuwa wa kuchagua. Alikuwa adhabu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Ukipigwa bao tano kwenye mpira, kabla hujarudishiwa pad ya kuchezea unahamia ile mashine ya story, unachukua yule mwanamke, unacheza misheni moja huku chumba kizima kinakuangalia. Tuliita "kwenda unyago". Sie watu wa Pwani hapo lazima tucheke. Watu wanakupigia vigelegele, mmoja anakuuliza kungwi wako nani, basi raha tupu. Mwanzilishi wa utaratibu huo ni mie, na nilikuwa najivunia kabisa.

Sasa kuna mke wangu, humu nimwite Mama Shani. Asubuhi mie nabeba saruji kutoka Wazo kwa kirikuu, kwa hiyo anayefungua chumba ni yeye. Anamwacha mtoto kwa bibi yake, anafungua saa mbili, anafagia, anajaribu pad moja moja kama zinashika, anapanga juisi za kuuza kwenye friji. Wateja wanaanza kuingia saa nne, na mie narudi mida hiyohiyo.

Kati ya saa mbili na saa nne sikuwahi kujiuliza anafanya nini. Kufagia chumba cha hatua sita kwa saa mbili, na akili yangu ikaona ni sawa.

Siku ya tukio, gemu la mpira lilitaka update na mashine ikasema nafasi imejaa. Ilikuwa jioni, watu wananisubiri, wananipigia kelele nifanye haraka. Nikaingia kwenye profile. Zilikuwa tatu: yangu, ya wateja, na ya tatu imeandikwa herufi moja tu, M. Nikaifungua. Ndani kuna save ya lile gemu la story, yaani mchezo uliohifadhiwa ulipoishia, mhusika wa kike, saa tisini na moja za kucheza.

Wakuu, saa tisini na moja niliziona kwa macho yangu.

Nikajiambia hizi ni adhabu za unyago zimejumlishwa tangu tuanze, maana nani pale kwangu angekaa na yule mwanamke kwa hiari yake? Nikafuta profile nzima. Mashine ikaniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo mara mbili. Mpira ukaendelea.

Kesho yake saa nne narudi kutoka Wazo, namkuta Mama Shani amekaa kiti cha mbele, pad mkononi, kwenye skrini pale pa kuchagua profile. Ziko mbili.

"Baba Shani, hapa palikuwa na wa tatu."

"Nimemfuta jana. Si yale makorokoro ya unyago, nafasi ilijaa."

Aliweka pad juu ya meza taratibu, akachukua mtandio wake, akaniwekea ufunguo wa chumba pembeni ya pad, akaondoka. Nilidhani amekwenda kumchukua mtoto. Ufunguo sikuuelewa mpaka jioni.

Jioni nyumbani ndiyo akaniambia ile ilikuwa yake. Amecheza miezi, kila asubuhi, na alikuwa amebakiza kisiwa kimoja amalize. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulisema mwenyewe mbele ya watu, mtu mwenye akili zake atachezaje na mwanamke kama hajafungwa. Mie nilikuwa nawamiminia juisi hapohapo. Ningekwambia nini?"

Kweli nilisema. Nimesema hivyo mara nyingi, siikumbuki hata hiyo anayoizungumzia.

Akaongeza, bila kupandisha sauti: "Na unyago mie nilichezwa. Nilifundishwa na shangazi zangu, watu wanaonipenda. Hakuna aliyenicheka."

Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya hapo nyumbani hapakuwa na ugomvi. Chakula kipo, salamu zipo, mtoto anaogeshwa. Ila pale chumbani hakukanyaga tena, na ule ufunguo ulikaa juu ya kabati hajaugusa. Tatizo langu halikuwa kufagia, kufagia nilifagia. Nilimwona mtu aliyekuwa na kitu chake kimoja kwa siku, mie nimekitoa, halafu hanidai chochote. Hiyo ilinitisha kuliko kama angenigombeza.

Nikapata wazo, na kwa wakati ule nililiona la maana sana. Nitamrudishia. Nitacheza mwenyewe tangu mwanzo, na yule mwanamke, mpaka pale alipofika, halafu nimkabidhi amalizie.

Nikaanza mchana kweupe, wateja wakiwepo, maana sikuwa na muda mwingine. Siku ya kwanza fundi welding mmoja, Chidi, akaingia akaniona.

"Boss, leo kakupiga tano nani?"

Nikamwambia sijapigwa. Akacheka, akakaa kusubiri misheni iishe nirudi kwenye mpira. Haikuisha. Siku ya tatu wakaacha kunicheka, wakaanza kuniangalia kwa huruma kidogo, kama mgonjwa.

Niseme ukweli kuhusu ile ishu mnayobishania humu. Sikuona mwanga wowote. Panga linakata vilevile, farasi anakimbia vilevile. Kama nusu saa hivi ya kwanza nilikuwa nawaza "nacheza na mwanamke", baadaye nikasahau, nikawa nawaza jinsi ya kuingia kwenye ile ngome. Basi, ni hivyo tu. Miaka yote nimebishana juu ya kitu kinachosahaulika kwa nusu saa, kwa mtu kama mie. Kwa mwenzangu nafikiri hakikuwa cha kusahau, ila huko siwezi kumsemea.

Wiki tatu zikapita, nikafika kisiwa cha mwisho. Jumapili mchana nikabeba mashine nyumbani, nikaichomeka kwenye TV ya sebuleni, nikamwita. Nilikuwa najisikia bwana harusi.

Akakaa. Akachukua pad, akamzungusha yule mhusika, akamtazama mbele na nyuma.

"Huyu nani?"

"Wako. Nimekufikishia pale ulipoishia."

Akafungua ramani. Akaenda kwenye kijiji cha kwanza, hakuna mtu, pamebaki majivu. Akaenda darajani.

"Yule mzee wa hapa yuko wapi?"

Nikamwambia nilimuua, maana alikuwa na panga zuri.

"Mie nilikuwa nampelekea samaki." Akaendelea kutembea. "Na hawa walinzi wote umewachinja? Wangu alikuwa anapita pembeni usiku wamelala. Kijiji nilikiacha salama, watu wake walikuwa wananijua."

Kumbe lile gemu linakuruhusu mambo hayo. Mie saa zote nilizocheza sikujua kuwa yule mzee anaongea.

Akanigeukia, na wala hakuwa na hasira. "Baba Shani, huyu ni wewe umevaa gauni."

Nikamuomba msamaha palepale, kwa maneno, kitu ambacho kwa wiki tatu nilikuwa nakikimbia kwa kushika pad. Nilikuwa natengeneza ili nisiseme. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka kwenye save yangu bila kuifuta, akaenda mwanzo kabisa, pale pa kuchagua.

Nikamuuliza kama naweza kukaa.

"Kaa. Ila usinielekeze."

Nilikaa mpaka Shani alipoamka. Nilitaka kumwelekeza kama mara hamsini, nikauma ulimi.

Siku hizi anakuja chumbani, lakini siyo asubuhi tena. Anakuja saa kumi watu wakiwepo, anakaa kwenye ile mashine, anacheza. Unyago nimeufuta, safari hii nikijua nafuta nini. Wateja wawili wamehama, wanasema pamepoa. Chidi yupo, na wiki iliyopita nilimsikia akimuuliza Mama Shani, anayemwita shemeji, yule mzee wa darajani anataka samaki gani.

Nilichojifunza ni kidogo, sitajifanya mwalimu. Kabla hujaamua kuwa kitu fulani hakina mtu wa kukitaka, uliza kwanza nyumbani kwako. Mie nilikuwa nauliza humu ndani, kwa watu tunaofanana, na kila siku nilikuwa napata jibu moja.

Halafu kuna hili. Yule wa saa tisini na moja alikuwa amempa jina. Gemu linakuomba jina mwanzoni, mie kwangu niliandika tu AAA nipite. Nimemuuliza Mama Shani mara mbili alikuwa anaitwa nani. Mara ya kwanza alisema hakumbuki. Mara ya pili alinitazama tu, akaendelea kucheza, na nimeelewa kwamba hilo sitaambiwa.

Wakuu mnaoishi na watu wanaocheza, nyie mlijuaje? Mliambiwa, au mlikuta?