Bolti Nne za Datsun

Gisiri mwana wa Nyamohanga alizaliwa karibu na Kehancha, katika boma la wakulima wa tumbaku, na shule aliiacha darasa la sita kwa kukosa sare. Alienda Migori akafagia gereji ya Mhindi mmoja kwa miaka minne kabla ya kuruhusiwa kushika spana. Alipofungua gereji yake mwenyewe karibu na daraja, alijulikana kwa jambo moja: gari la zamani likipita mikononi mwake, halivuji mafuta tena.

Ninamwandika kwa sababu watu wa kwetu wamemsimulia vibaya kwa miaka kumi, nami niliwaacha.

Mume wangu, Jeremiah Oyaro, alikuwa mkaguzi wa shule. Alirithi kwa baba yake Datsun ya mwaka sabini na mbili, gari la kwanza kuonekana katika lokesheni yetu. Juu ya injini yake kuna kifuniko cha bati ambacho mafundi hukiita tapeti kava, na chini ya kifuniko hukaa gaskiti ya koki, laini kama kizibo cha chupa. Gaskiti ikichoka, mafuta hupenya na kudondokea ekzosi yenye moto, na moshi huingia anapokaa dereva. Mafundi wengine hupaka gundi ya silikoni na kukaza kwa nguvu zao zote. Gisiri alikata koki kwa mkono. Aliilaza juu ya kifuniko, akagonga ukingo kwa nyundo ndogo mpaka umbo likajitokeza, kisha akafunga bolti nne kwa spana aliyoikata nusu kwa msumeno. Jeremiah alipomuuliza kwa nini aliharibu spana nzuri, alijibu kwamba spana ndefu humpa mtu kiburi.

Walipendana, wale wawili. Jeremiah alisafiri kutoka kwetu Rodi Kopany hadi Migori, akapita mafundi ishirini njiani, ili Gisiri peke yake aiguse Datsun.

Mwezi wa Agosti mwaka 2014 Gisiri alibadilisha gaskiti ile. Siku tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, Jeremiah aliona tone moja juu ya bati. Lilikuwa tone lililomwagika wakati wa kujaza mafuta. Hata mimi nisiyejua injini niliona hivyo. Lakini mkaguzi ni mkaguzi. Alichukua spana ndefu ya trekta ya jirani akaanza kukaza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chai yake. Nilisikia bati likilia. Nikamwambia inatosha, naye akanijibu, mimi mwalimu, kwamba injini si daftari la kusahihisha.

Jumanne, akirudi kutoka Rongo, moshi ulijaa ndani ya gari. Alisimama kwenye kona, akainua boneti. Lori la mchanga lilikuja kasi upande ule, likampitia yeye na kuliacha gari.

Kwenye mazishi, shemeji yangu Maurice alishika kipaza sauti akasema kaka yake ameuawa na uvivu wa fundi wa Migori, na akalitaja jina. Gisiri alikuwepo. Alikuwa amekuja na boda boda, amesimama langoni, kofia mkononi. Vijana walipoanza kumsogelea, alipenya katikati ya mahindi akatoweka. Mimi nilikuwa nimeketi mbele kabisa, nimevaa nyeusi. Katika ukoo wa Oyaro hakuna mtu aliyewahi kusemwa kwamba alifanya kazi vibaya, na sikutaka wa kwanza awe mume wangu, ndani ya jeneza, mbele ya walimu wote aliowakagua. Nikanyamaza.

Mwaka haukuisha kabla gereji ya darajani haijafungwa. Gisiri alirudi Kehancha kutengeneza pikipiki. Mkewe Kezia alirudi kwao ng'ambo ya mpaka na hakuja tena.

Datsun ilikaa chini ya kibanda cha bati nyumbani kwetu. Mara nyingine, nikiwa jikoni, nilinusa mafuta yaliyoungua. Nilikagua jiko, nilikagua taa, nikatoka nje hadi kwenye gari na kushika boneti kwa kiganja. Ilikuwa baridi kila mara.

Mwaka jana, tulipopanga kumbukumbu ya miaka kumi, binti yetu Lorine alitaka gari la baba yake liingie uani likinguruma. Fundi wa Homa Bay alifufua breki na kabureta. Siku ya kuliwasha, moshi ule ule ulitoka, na yeye akatoa silikoni. Nikamzuia. Nilijua ni nani mwenye koki, na nilijua pia atakachokiona akifungua. Bado nilienda.

Nilimkuta Gisiri kando ya barabara ya Kehancha, amezeeka kuliko umri wake. Alikuwa ameshika tangi la pikipiki na kukataa kumwachia mwenyewe aondoke, eti aangalie tena kama amefunga. Mwendesha boda alicheka.

"Mzee, jana ulinifuata mpaka nyumbani. Leo utalala na pikipiki yangu?"

"Nikilala nayo, itaamka mzima," Gisiri akajibu, bila kuinua macho.

Niliambiwa baadaye kwamba ndivyo alivyo kwa kila mteja. Hufuata chombo hadi kwa mwenyewe, hutandaza gazeti chini yake, na kurudi kesho yake kusoma matone.

Nilidhani atanifukuza. Alinisalimu kwa heshima, akaniita Mwalimu, akauliza tu gari liko wapi. Alikuja na begi lake siku ya pili.

Alifungua bolti ya kwanza akasita. Akafungua zote nne, akakiinua kifuniko, akakigeuza juani. Mahali pa kila bolti bati lilikuwa limebonyea kama sahani, na koki ilikuwa imepasuka na kutokeza nje. Alipitisha kidole gumba juu ya yale mabonde manne, polepole, akarudia.

"Mwalimu," akasema, "nani alifungua hii baada yangu?"

"Sijui," nikasema.

Alilaza kifuniko juu ya chuma bapa akaanza kukinyoosha, pigo moja, kutazama, pigo jingine. Alikata koki mpya. Alifuta injini mpaka ikang'aa. Kazi hiyo ilimchukua hadi alasiri, na muda wote huo nilikaa kwenye kiti cha veranda nikiangalia mgongo wake. Nilipompelekea chai, alianza kuzungumza akiwa ameinama, kana kwamba anaiambia injini. Alisema marehemu mume wangu humjia. Husimama kando ya barabara, boneti iko juu, shati lake safi, na humuuliza swali moja tu: Gisiri, ulifunga? Miaka kumi humuuliza hivyo, na miaka kumi Gisiri hana jibu, kwa sababu anakumbuka kufunga bolti tatu, lakini ya nne aliifunga huku akiongea na mteja.

"Ulifunga zote," nikasema. "Yeye ndiye aliyezikaza, Jumamosi, kwa spana ya trekta. Nilikuwa mlangoni."

Aliweka kikombe chini.

"Siku ya mazishi ulijua?"

"Nilijua."

"Na uliniona pale langoni?"

"Nilikuona."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya gari. Gisiri alifunga bolti zake nne kwa ile spana fupi, akafuta mikono, akawasha injini. Tulisimama pande mbili za boneti tukingoja moshi, na moshi haukuja.

"Basi useme pale pale," akaniambia. "Kwa watu wale wale."

Nilipomweleza Maurice, alivua miwani. "Nyar Karachuonyo," akasema, akiniita binti wa kwetu nilikozaliwa, "wafu hawashtakiwi. Ukisema hivyo unamzika kaka mara ya pili, na safari hii bila heshima."

"Heshima tuliyomzika nayo tuliichukua kwa Gisiri," nikamjibu.

Siku ya kumbukumbu Maurice hakuniachia kipaza sauti. Nikasimama nikasema bila hicho. Nilisema kwa Dholuo, lugha yetu, halafu kwa Kiswahili ili Gisiri, aliyekuwa amekuja, asikie kila neno: kwamba fundi huyu alifunga kazi yake vizuri, kwamba mume wangu aliiharibu kwa mkono wake, kwamba mimi niliona na kunyamaza, na kwamba jina lililosemwa vibaya katika ua huu ni la Gisiri mwana wa Nyamohanga. Hakuna aliyelia wala kupiga makofi. Mwanakwaya mmoja alifunga kitabu chake cha nyimbo. Walimu wastaafu walitazama viatu vyao. Maurice aliondoka mezani, na mpaka leo hajanisalimu.

Gisiri alisikiliza amesimama, hadi neno la mwisho. Nilimwonyesha kiti kando ya wazee. Alikitazama, akanitazama mimi, akavaa kofia yake, akatembea kupita katikati ya watu wote hadi langoni, na safari hii vijana walimpisha. Lorine alimkimbilia kumwomba ale kwanza. Akamshukuru, akapanda boda boda.

Sahani yake niliipakua mwenyewe, samaki na ugali, nikaifunika. Ilikaa mezani mpaka sufuria zote zilipooshwa.