Jembe la Jumapili

Huku kijijini kwetu Ukata, mtu akipita alfajiri anatembea haraka na mikono mitupu, watu hutoka nje kumuuliza nani amekufa. Mimi na mume wangu tulilijua hilo siku ya kwanza ya mazoezi. Nesi wa zahanati alikuwa amemwambia atembee kwa ajili ya presha, na kabla hatujafika bondeni nyumba tatu zilikuwa zimeshatupa pole. Kesho yake mume wangu akabeba jembe begani. Hakuna aliyetuuliza tena. Watu wawili na jembe wanakwenda shamba, basi.

Presha ilikuwa yake, mazoezi yakawa ya wote wawili. Kisha akafa yeye, na mimi msindikizaji nikabaki na mazoezi.

Baada ya matanga nilikaa ndani. Sikulia. Nilitazama ukuta tangu asubuhi hadi jioni, na mtu akinisemesha nilimsikia kama yuko nyumba ya jirani. Kahawa iliiva ikadondoka chini, nikaiona na sikujali. Siku nilipovaa raba na kulishika lile jembe sijui ilikuwaje. Nilikwenda hadi mtoni nikarudi. Sikupata nafuu wala uchungu, ila nilikuwa nimetoka nje. Nikaapa kwamba sitakosa hata siku moja, maana nilijua nikilala siku moja nitalala moja kwa moja.

Goti likavimba. Nesi yule yule akanieleza kwamba mwili hupata nguvu unapopumzika, nichague walau siku moja kwa wiki. Nikamwitikia vizuri, na kesho yake nikaenda. Nilikwenda siku zote, na Jumapili pia, jembe begani, huku wenzangu wakielekea misa ya kwanza na vitenge vyao vilivyopigwa pasi. Kushika jembe Jumapili kwetu ni aibu ya ukoo mzima. Maneno yakamfikia mama mkwe.

Alikuja mwenyewe Jumapili iliyofuata, akanikuta mlangoni natoka. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akalitoa jembe begani kwangu taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo.

“Leo linalala kwangu,” akasema. “Kesho uje ulichukue.”

Nilimchukia, nasema kweli. Nilikaa kizingitini na raba zangu miguuni, nikiwa na hakika kwamba amenimaliza na kwamba Jumatatu sitaamka. Misa ikaisha, mchana ukapita. Nililikanda goti kwa maji ya moto. Zaidi ya maumivu ya goti sikusikia kitu.

Jumatatu niliamka kwa sababu jembe halikuwepo. Ni hilo tu. Lingekuwa nyuma ya mlango ningelitazama nikageukia ukutani. Lakini jembe la mume wangu lilikuwa limelala nyumba nyingine, na mpini wake umelika pale alipokuwa akiushika, nikaondoka kulifuata. Ukungu ulikuwa bado mzito. Nilitembea haraka, mikono mitupu, na nilikumbuka ninavyoonekana pale tu mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja wake aliponyoosha mgongo na kuuliza kwa sauti ya chini nani tena.

“Mume wangu,” nikamjibu.

Akauinamia tena ufagio wake. Alikuwa anajua, alipika kwenye msiba ule siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa sijawahi kulitamka neno hilo. Nikapita.

Mama mkwe alikuwa amekaa nje kwenye baridi, jembe mapajani, kiganja chake kikiwa pale pale mpini ulipolika. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa mama yake mume wangu, na katika miezi yote ile sikuwahi kumfikiria. Hakunipa jembe mara moja, nami sikumharakisha.

Tangu hapo kila Jumapili napumzika na jembe linalala kwake. Jumatatu nalifuata mikono mitupu, naye hunisubiri nje. Watu wameacha kuuliza.