Waridi Jekundu la Lugari

Baba alitunza bustani ya Mzungu mmoja kule Lugari, na kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani Shinyalu kwa baiskeli. Mwaka wa uhuru Mzungu aliuza shamba akaenda zake. Waliogawiwa ardhi walitaka mahindi, si maua. Baba akawahi kukata vijiti vya waridi jekundu alilolitunza tangu nikiwa mtoto wa mgongoni, akavileta vikiwa ndani ya gunia lililoloweshwa.

Alinikabidhi vijiti hivyo jioni. Yeye angerudi Lugari alfajiri kuchukua vyombo vyake, basi mimi nivipande kwenye kibanda chake cha vioo, alichokiunda kwa madirisha yaliyotupwa. Sikuuliza namna ya kupanda. Mimi huona haya kuuliza hata chumvi. Nikafanya kama tufanyavyo na marando ya viazi vitamu: nikavitandaza kivulini siku mbili vinyauke kwanza, ndipo vishike vizuri.

Baba aliporudi nyumbani, trekta kule Lugari lilikuwa limekwisha kung'oa mti wenyewe wa waridi. Akavikuta vijiti vimekunjamana. Nilingoja kofi.

"Nani alikwambia uvianike?"

"Marando huanikwa, baba."

Alicheka kidogo. "Ni kweli. Leta maji, mama." Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Tulivilaza majini hadi kesho yake. Kisha akakata upya kila kijiti: chini mshazari, karibu kabisa na kifundo, juu sawasawa, ili asiwepo wa kukipanda kichwa chini. Akachanganya mchanga wa mto na udongo mweusi wa msituni, akavisimamisha humo, akafunga mlango. Asubuhi vioo vilitoka jasho, na jasho hilo ndilo lililovinywesha. Sijaona mikono mizito ikifanya kazi nyepesi vile.

Mama alipita na karai la mahindi. "Baba watoto, kuni zako zimenyonya?"

"Zimelala. Usizipigie kelele."

Kimoja kimoja vikawa vyeusi. Kila kilichokufa baba alikichomoa, akatazama ncha yake, akakiweka kando bila kunilaumu. Kikabaki kimoja. Nilitaka kukivuta kidogo nione kama kina mizizi. Akanizuia, akasema kukichungulia ni kukiua. Wiki ya sita kikatoa jani dogo kama sikio la panya.

Mvua zilipokuja kikafanya tumba. Nililitazama kila asubuhi kabla ya kwenda kisimani. Nilitaka lichanue, nijue sikuliua waridi lake. Siku lilipoanza kuonyesha wekundu, baba alilikata kwa ukucha.

"Mizizi bado michanga," alisema. "Likichanua sasa, mti utachoka."

Yeye alilingoja kuliko mimi. Akalitia lile tumba kwenye mfuko wa shati, akapanda baiskeli kwenda mjini kutafuta kazi.