Nani Atatubeba Tukiugua

Nilipoacha useremala katika shamba la mkonge, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, karani aliyenifuta jina hakuniuliza nitakula nini. Aliniuliza, "Na mkeo je?"

Alijua. Mke wangu alikuwa na pumu. Katika miaka yetu sita pale shambani, dresa wa zahanati alimpiga sindano mara nyingi, na mara mbili lori la shamba lilimkimbiza hospitali mjini Bagamoyo. Hiyo ilikuwa haki ya mfanyakazi na watu wa nyumbani kwake. Aliyeacha kazi hakuwa na dresa wala lori.

Nikamjibu kuwa Mungu yupo.

"Yupo hata kwa walio kazini," akasema, akafunga daftari.

Tulihamia Mlingotini na watoto wetu, kwa watu wa upande wa mama yangu, nikaanza kuchonga milango na vitanda kwa kujitegemea. Pale kijijini palikuwa na chama. Wanachama walikuwa na machela moja ya turubai. Mmoja akizidiwa, wenzake humbeba mpaka hospitali, na nyumba yake hulishwa mpaka apone. Nilitaka tuingie kabla mtu hajaugua.

Mwenyekiti alikuwa msuka madema ya kutegea samaki, mtu wa makamo, si msemaji. Alikuja na wenzake wawili, wakaketi barazani. Baada ya kujuliana hali akauliza, "Hapa kwako nani ana maradhi?"

"Hatuna mgonjwa," nikasema. Sikuona kama ni uongo mkubwa. Siku ile mke wangu alikuwa mzima.

Kutoka nyuma ya mlango mke wangu akasema, "Mimi nina pumu. Tangu utotoni."

Hakuna aliyenitazama. Mwenyekiti akamshukuru, wakaenda kando kushauriana, nami nikabaki nikibandua gundi iliyokaukia kwenye kucha. Waliporudi alisema, "Tumewapokea. Wewe na watoto kuanzia leo. Mama atabebwa baada ya miezi mitatu. Tukianza kwa kumpokea kila aliyekwisha kuugua, mabega yatakwisha."

Walipoondoka nilimlaumu mke wangu.

"Siku ya kunibeba si wangejua?" akasema. "Ulitaka wanitue katikati ya njia?"

Mwezi wa pili haujaisha, asubuhi moja alikuwa akipepeta mpunga, pumzi zikambana. Mvuke wa majani haukumsaidia. Nilipoona midomo inageuka rangi nikakimbilia kwa mwenyekiti. Hata shikamoo nilisahau.

"Miezi haijatimia," akasema.

"Najua."

Alikuwa na dema mapajani. Akakaza fundo alilokuwa amelianza, akaliweka dema chini. "Basi chama hakiji. Na machela ni ya chama." Akainuka. "Kitanda unacho?"

Nilikuwa nacho kimoja cha kamba, nilichokimaliza jana yake kwa ajili ya bwana harusi mmoja. Tukakifunga miti miwili, tukamweka mke wangu juu yake akiwa ameketi, maana kulala hakuweza. Tulibeba mimi, mwenyekiti na majirani wawili aliowaita kwa majina wakiwa milangoni mwao. Njia nzima hakuna aliyetaja chama. Tulifika mjini kabla ya adhuhuri, wakampiga sindano, na kesho yake alikuwa akiomba uji.

Bwana harusi alikikataa kitanda. Alisema hawezi kuanza ndoa juu ya kitanda kilichobebewa mgonjwa. Nikamchongea kingine, kile tukakilalia sisi.

Miezi mitatu ilipotimia mwenyekiti alipita kutuarifu kwamba mama sasa amo. Alisema hivyo tu, akaenda zake. Katika miaka iliyofuata mke wangu alibebwa kwa machela mara nne. Mimi nimebeba watu nisiowakumbuka wote. Nilizoea kushika mbele, upande wa kushoto. Shambani sikurudi.